Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: nile kalori ngapi kwa siku?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 41 na urefu wa sentimita 165. Miezi 9 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, ule wa slivu, nikiwa na kilo 124. Wiki 8 zilizopita nilikuwa na kilo 92.4, sasa nina 89. Muuguzi wa kliniki aliniambia nisizidi kalori 900. Programu ya simu inasema nahitaji 1,870. Rafiki yangu aliyefanyiwa baipasi, upasuaji wa tumbo wa aina nyingine, miaka 3 iliyopita anakula 1,300 na hanenepi. Mimi naandika kila ninachokula na wastani wangu ni 1,000, lakini wiki 3 hizi mizani haijasogea kabisa. Nishike namba ipi? Nipunguze tena?

JIBU: Dada, usipunguze. Nalitanguliza hilo kwa sababu mtu ambaye mizani imemgomea wiki tatu huwa ameshaanza kuruka mlo wa jioni kabla hata ya kupata jibu.

Namba zote tatu ulizopewa zina ukweli wake, ila hakuna hata moja iliyopigwa kwa ajili yako. Ile 900 ni ya kipindi: ndiyo watu wengi wanayokula kati ya mwezi wa 3 na wa 6 baada ya upasuaji, na wewe umeshavuka hapo. Ile 1,870 ni makadirio ya kalori ambazo mwili wako unatumia kwa siku, si unazopaswa kula. Na 1,300 ni ya rafiki yako, mwenye upasuaji mwingine, uzito mwingine, na ambaye kazi yake sasa ni kubaki pale alipo, si kupungua. Namba yako imo ndani ya daftari lako mwenyewe. Tutaitoa humo hatua kwa hatua.

Neno moja, maana mbili

Mkanganyiko mwingi unatokana na maneno "mahitaji ya kalori". Kuna kalori mwili unazotumia, na kuna kalori zinazoingia mdomoni. Kwa mtu ambaye uzito wake umetulia, hizi mbili zinalingana. Kwako hazilingani, na hazitakiwi kulingana: pengo kati yake ndilo linalojazwa na mafuta yaliyohifadhiwa mwilini, na ndiyo sababu ya kwenda chumba cha upasuaji. Programu ya simu inapokwambia "unahitaji 1,870" haisemi kwamba utadhurika ukila 1,000. Inasema tu kwamba ukila 1,870 hutapungua.

Katika miezi ya mwanzo hakuna haja kubwa ya kuhesabu kalori. Slivu huondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo la chakula, na kinachobaki ni mrija mwembamba. Sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Kwa hiyo mwili wenyewe unaweka kikomo: wiki mbili za kwanza za vimiminika mtu hupata kalori 300 hadi 600, kufikia mwezi wa 3 huwa kwenye 600 hadi 900, mwezi wa 6 kwenye 800 hadi 1,000 na ushee, na mwaka ukitimia hufika 1,000 hadi 1,300. Vituo vinatofautiana, na mwanamume mrefu atakuwa juu zaidi. Katika kipindi hicho chote swali la kumuuliza mgonjwa ni: protini imefika? Maji yamefika? Vidonge vya vitamini umemeza? Kalori hufuata zenyewe.

Mambo hubadilika karibu na hapo ulipo wewe, mwezi wa 9 kwenda wa 12. Njaa inaanza kurudi, sehemu ya chakula inaongezeka, na kikomo cha tumbo hakitoshi tena kukulinda. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na faida.

Kanuni ya kwenye karatasi

Programu nyingi za simu hutumia kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, inayokadiria nishati ya mwili uliopumzika, yaani ile ambayo moyo, ini, ubongo na figo zingetumia hata ungelala siku nzima. Kwa mwanamke ni hivi:

(10 × uzito kwa kilo) + (6.25 × urefu kwa sentimita) − (5 × umri) − 161

Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 mwishoni, unajumlisha 5. Uzito unaotumika ni wa leo. Kuna wanaoweka ule wa kabla ya upasuaji, na wengine huweka ule wanaoutamani. Yote mawili ni makosa.

Kwako: 890 + 1,031 − 205 − 161 = 1,555. Kisha kanuni inazidisha kwa kiasi cha shughuli: 1.2 kwa anayekaa muda mwingi, 1.375 kwa anayefanya mazoezi mepesi siku moja hadi tatu kwa wiki, 1.55 kwa mazoezi ya wastani siku tatu hadi tano. Programu yako imechukua 1.2 ikapata 1,866, kisha ikaisogeza hadi 1,870. Ungebonyeza "mazoezi mepesi" ingekupa 2,138. Mguso mmoja wa kidole umeongeza kalori 270 ambazo huenda hazipo, kwa hiyo anzia 1.2 hata kama unatembea kila jioni.

Lakini hata hiyo 1,866 ina walakini. Kanuni haijui kwamba umetoka kilo 124. Mtu aliyepungua kilo 35 hatumii nishati sawa na mwenzake ambaye siku zote alikuwa na kilo 89. Mwili uliopungua kwa kasi hubana matumizi: leptini, homoni ya shibe, inashuka, misuli inafanya kazi ileile kwa nishati pungufu, na mtu mwenyewe hujikuta anahangaika kidogo, anasimama kidogo, anatingisha mguu kidogo, bila kujua. Ndiyo maana ni busara kukata asilimia 10 kwenye nishati ya kupumzika kabla ya kuzidisha. 1,555 inakuwa 1,400, na mara 1.2 unapata 1,680. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia kwa mtu wa aina yako asiye na daftari.

Kuna kipimo halisi pia: mashine inayopima hewa unayovuta na kutoa, ukiwa umelala kimya, hujala tangu usiku, hujanywa kahawa wala kufanya mazoezi. Inatoa nishati ya kupumzika kwa usahihi kuliko kanuni yoyote. Kama kituo chako kinayo, itumie. Kama hakina, hupotezi sana, kwa sababu una kitu bora.

Hesabu ya daftari

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Ukijua umepungua kilo ngapi na umekula kiasi gani, unaweza kurudi nyuma ukajua mwili umetumia kiasi gani.

Wiki 8 ni siku 56. Umetoka 92.4 hadi 89, yaani kilo 3.4. Zidisha kwa 7,700 unapata 26,180. Gawanya kwa 56, ni kama 470 kwa siku. Hizo ndizo kalori ambazo mafuta yako yalichangia kila siku. Jumlisha na 1,000 ulizokuwa ukila: 1,470. Kwa vipimo vya daftari lako, mwili wako unatumia kalori 1,470 kwa siku.

Utauliza, mbona kanuni ilisema 1,680? Hizo 210 zimekwenda wapi? Sehemu ni huko kubana matumizi. Sehemu nyingine, na usione vibaya, ni kwamba daftari lako linapunguza. La kila mtu linapunguza: mafuta ya kukaangia yanakadiriwa kwa macho, maziwa ya chai yanasahaulika, na kile kipande ulichoonja ukipika hakiandikwi. Huenda wastani wako halisi ni 1,150 au 1,200.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kosa hilo halikudhuru. Kibaba chako kikiwa pungufu, lakini unapimia hichohicho kila siku, hesabu yako inabaki sawa, maana bajeti nayo utaipima kwa kibaba hicho. Ubaya unaanza kibaba kinapobadilika katikati bila wewe kujua: mwezi wa kwanza unapima kila kitu kwa mizani, mwezi wa tatu unakisia. Hapo 1,000 ya leo si 1,000 ya miezi miwili iliyopita.

Masharti ya kuitumia ni machache. Usiitumie katika miezi 3 ya mwanzo baada ya upasuaji, kwa sababu kilo zinazoondoka wakati huo ni mafuta yaliyochanganyika na maji, akiba ya wanga na misuli, na 7,700 haizihusu zote. Ukijaribu utapata majibu ya ajabu, kwamba mtu anatumia kalori 3,500 huku amelala. Tumia data ya wiki 4 au zaidi. Na uzito uwe wastani wa wiki, si wa siku moja: pima asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, kwenye mizani ileile, kisha jumlisha siku 7 ugawanye kwa 7. Kama kupanda mizanini kila siku kunakuvuruga akili, pima mara moja kwa wiki na usubiri wiki 6 badala ya 4.

Sasa, hizi wiki 3 zilizokwama

Ukiwa na pengo la kalori 470 kwa siku, siku 21 zinatoa kilo 1.3 za mafuta. Basi. Swali ni kama kilo 1.3 zinaweza kujificha, na jibu ni kwamba zinajificha kirahisi. Siku zinazotangulia hedhi, mwanamke anaweza kushika kilo moja au mbili za maji. Kufunga choo, jambo la kawaida kwa anayekula kidogo huku akimeza vidonge vya madini ya chuma, kunaongeza uzito wa kilichokwama utumboni. Mlo wenye chumvi nyingi hushika maji. Na kama umeanza mazoezi ya uzito mwezi huu, misuli inayojikarabati nayo inavuta maji; huyu ni mtu ambaye mizani inamkatisha tamaa wakati kiuno chake kinapungua. Zungusha utepe wa kupimia kiunoni usawa wa kitovu, andika, rudia kila wiki mbili.

Je, inawezekana mwili umebana hadi pengo likaisha? Kwa kilo chache ulizopungua karibuni, hapana. Kila kilo inayoondoka hupunguza matumizi kwa takriban kalori 12 kwa siku (10 za kwenye kanuni, ukizidisha na 1.2 ya shughuli). Kutoka kwenye uzito wako wa katikati katika zile wiki 8, umeshuka kilo 1.7, sawa na kalori 20. Kalori 20 hazifuti 470.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwa siku 7 zijazo pima kila kitu kwa mizani ya jikoni, hasa mafuta: kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, na vijiko vitatu visivyoandikwa vinakula robo tatu ya pengo lako. Angalia pia kama unapima chakula kibichi au kilichopikwa. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori zipatazo 350, za wali uliopikwa ni kama 130. Ukichagua mstari usio wako kwenye programu, siku nzima imeharibika. Usile tena kalori ambazo saa ya mkononi inadai umechoma. Nusu saa ya kutembea kwa mwendo wa kawaida, kwa uzito wako, inaongeza labda kalori 110 juu ya zile ambazo ungetumia ukiwa umekaa, na saa nyingi hutaja zaidi ya hapo.

Wiki 6 zikipita, wastani haujashuka na kibaba umeshakihakiki, hapo kuna la kuchunguza: tezi ya shingo, dawa mpya (steroidi, insulini, baadhi ya dawa za sonona), au usingizi. Nenda kliniki na daftari. Usishuke chini ya 800 peke yako. Mlo wa kiwango hicho ni tiba inayosimamiwa na daktari, na ukiufanya kienyeji mwezi wa 9 utalipa kwa misuli, halafu misuli ikipungua na matumizi yanapungua, na namba yako ya kudumu inashuka.

Bajeti inagawanywaje

Protini kwanza, tena kwa gramu, si kwa kalori. Hapa uzito unaotumika si wa leo bali wa kimo chako kwa kiwango cha BMI (uwiano wa uzito na urefu) 25: 1.65 × 1.65 × 25, yaani kilo 68. Chini kabisa ni gramu 60 kwa siku. Juu ni gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito huo, kwako 102. Katikati, gramu 75 ni lengo linalofikika kwa tumbo dogo. Zigawe mara tatu, 25 kwa kila mlo, kwa sababu huwezi kuzifidia zote usiku.

Gramu 25 zinaonekanaje? Yai moja ni gramu 6. Kifua cha kuku kilichopikwa, gramu 100, kina 30 hivi. Samaki kiasi hicho, 20 hadi 25. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Maharage yaliyochemka, gramu 100, yana 8 au 9, lakini yanajaza tumbo upesi na yanakuja na wanga, kwa hiyo anayetegemea nafaka na jamii ya kunde peke yake hufika 75 kwa shida; maziwa ya mgando au unga wa protini humsaidia. Njugu zinasifiwa kuliko zinavyostahili hapa: gramu 30 zina protini 7 na kalori zaidi ya 170.

Chukua sasa 1,100 kama mfano. Protini gramu 75 mara kalori 4 ni 300. Mafuta gramu 40 mara 9 ni 360. Zinabaki 440, ambazo ni wanga gramu 110. Huo ni mlo wa kawaida kabisa, si adhabu. Kwa matumizi yako ya 1,470, 1,100 inaacha pengo la 370, sawa na kilo 1.3 au 1.4 kwa wiki 4. Ukibaki 1,000 utapungua 1.7. Tofauti ni gramu mia tatu na kitu kwa mwezi. Ndiyo maana, kama unachoka mchana, unasikia baridi kuliko wenzako, au protini haifiki 60, ningekupandisha 1,100 leo hii na nyongeza yote iwe protini. Kama uko sawa, baki kati ya 1,000 na 1,100.

Nywele kukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6 ni jambo la kutarajiwa, na kwa kawaida huacha kwenyewe. Zikiendelea kukatika sasa mwezi wa 9, tazama protini, madini ya chuma na zinki kabla ya kununua mafuta ya nywele.

Kuna aina ya chakula inayoharibu hesabu kuliko nyingine zote: chakula kinachoteleza. Biskuti, krispi, aiskrimu, chokoleti, juisi, chai nzito ya maziwa na sukari. Nyama inakaa tumboni, inajaza, inakuzuia. Biskuti inayeyuka na kupita, na mrija wako hauihisi. Mtu anaweza kushindwa kumaliza gramu 90 za kuku mchana kisha akala kalori 500 za biskuti jioni bila kushiba. Ndipo utamsikia akisema "nakula kidogo sana lakini nanenepa", na hadanganyi. Milo yake kweli ni midogo. Pombe ni hivyohivyo, kalori 7 kwa gramu, na baada ya upasuaji hupanda kichwani haraka na kukaa muda mrefu zaidi.

Kunywa pamoja na kula nako kunafanya chakula kigumu kiteleze. Subiri nusu saa baada ya mlo, kisha kunywa kwa mafundo madogo hadi ufikishe lita moja na nusu au zaidi kwa siku. Kiu na njaa hufanana kwa mtu aliyekatwa tumbo. Jaribu maji kwanza.

Kuhusu rafiki yako wa baipasi

Wengi huamini kwamba aliyefanyiwa baipasi anaweza kula zaidi kwa kuwa "chakula kinapita bila kunyonywa". Kwa baipasi ya kawaida hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, hasa mafuta. Kazi kubwa inafanywa na kifuko chenye ujazo wa takriban mililita 30 na homoni za shibe zinazopanda baada ya mlo. Kinachokosa kunyonywa vizuri ni madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12. Kwa hiyo hesabu ya daftari inamfaa yeye kama inavyokufaa wewe. Asiyefaa kuitumia bila mtaalamu ni aliyefanyiwa upasuaji unaoruka sehemu ndefu ya utumbo mdogo, ule wa kugeuza njia ya duodeni: huyo hupoteza mafuta na protini nyingi chooni, protini yake inapaswa kuwa juu zaidi, na kalori zilizoandikwa kwenye pakiti si zile zinazoingia mwilini.

Jambo moja la wa baipasi linaweza kukupata hata wewe. Ukila sukari au wanga mwepesi peke yake kisha saa 1 hadi 3 baadaye ukatoka jasho, ukatetemeka na kupata njaa kali, sukari ya damu imeshuka baada ya kupanda ghafla. Wengi hutibu kwa soda, sukari inapanda tena, inashuka tena, na siku inafungwa na kalori 600 za ziada. Kama umezidiwa, sukari kidogo ni sawa ili utoke hatarini, lakini ifuate na protini papo hapo, na tukio uliandike kwa ajili ya daktari.

Vidonge havimo kwenye bajeti, lakini bila hivyo bajeti ni ya hatari

Hakuna namna ya kupanga kalori 1,000 zikatosheleza vitamini na madini yote. Baada ya slivu, mwanamke anayepata hedhi anahitaji madini ya chuma miligramu 45 hadi 60 kwa siku, kalsiamu jumla ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kutoka kwenye chakula na vidonge, vitamini D yuniti 3,000 kwa siku mpaka kipimo cha damu kikae sawa, B12 ya kumeza mikrogramu 350 hadi 1,000, na thiamini (vitamini B1) isiyopungua miligramu 12. Vidonge vya kalsiamu vigawe visizidi miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na viachane na vya chuma kwa saa mbili, maana vikikutana vinagombania mlango mmoja. Damu ipimwe mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Kama hukupima mwezi wa 6, nenda wiki hii.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari moja kwa moja, usibadilishe kiwango cha kalori bila kumwambia daktari. Dozi ya kilo 124 inaweza kumwangusha mtu wa kilo 89. Vivyo hivyo dawa za presha, hasa za kukojoza. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate gramu za protini nilizotaja hapa. Na ujauzito unapaswa kusubiri miezi 12 hadi 18 tangu siku ya upasuaji. Kupungua uzito huamsha uzazi, na hata kwenye miaka 41 usijiamini kwamba haitatokea. Ikitokea, hesabu yote hii ya kupungua inasimama.

Kutapika kunakozidi siku mbili au tatu si suala la kalori tena. Thiamini mwilini huisha upesi, na ikiisha inaumiza mishipa ya fahamu na ubongo. Ukiona vitu viwili viwili, ukayumba ukitembea, au miguu ikafa ganzi, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme umefanyiwa upasuaji wa tumbo, ili upewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi.

Mbele ya hapa

Umeshapungua asilimia 28 ya uzito wako wa mwanzo. Kwa slivu, hapo ndipo wengi wanapofika mwaka ukitimia au baada yake, kwa hiyo usishangae kasi ikizidi kupungua. Kwa kawaida uzito hugota kati ya mwezi wa 12 na wa 18. Rudia hesabu ya daftari kila miezi miwili au kila kilo 5 zinapotoka.

Tuseme ukatulia kilo 80. Kutoka 90.7, ambao ni uzito wako wa katikati katika zile wiki 8, zimetoka kilo 10.7. Mara 12 ni kama 130. Toa kwenye 1,470 unapata 1,340. Hiyo, kwa kibaba chako, ndiyo itakayokushikilia hapo. Imekaribiana na ya rafiki yako kwa bahati tu. Usiirukie siku ya kwanza: ongeza kalori 100 kwa siku, kaa nazo wiki mbili, tazama wastani, kisha ongeza tena. Ukiona wastani unapanda wiki tatu mfululizo, rudi hatua moja. Kilo mbili tatu kurudi baada ya uzito kugota ni kawaida. Kuanzia kilo 5, anza na kibaba na chakula kinachoteleza kabla ya kugusa namba.

Kwa leo: 1,000 hadi 1,100, protini 75, maji lita moja na nusu, mizani ya jikoni kwa siku 7, na utepe wa kiunoni. Wiki 3 kutoka sasa linganisha wastani wa wiki hiyo na wa wiki hii, na uangalie hedhi iliangukia wapi.